Mama Anataka Kumwoa Valary

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua niliishia wapi: nimesimama mbele ya baa ya Bathsheba hapa Migori, kufuli jipya limening'inia mlangoni, na simu iko mkononi lakini sina wa kumpigia.

Kwa aliyejiunga leo, nieleze kwa kifupi. Naitwa Nyangi, na hilo ni jina la humu gazetini tu. Nilisomea dawa chuoni, na dawa ndizo ninazouza katika duka moja la mjini. Si mwongeaji. Wateja husema nina sauti ya mtu anayeomba radhi. Na mimi ni mwanamke anayependa wanawake. Hilo nililisema sehemu ya kwanza, wengine wenu mkakunja gazeti. Mliobaki, asanteni.

Baa ya Bathsheba ilikuwa nyuma ya duka la simenti na mabati. Siku nyingine zote ilikuwa baa kama baa. Lakini Jumapili alasiri, watu wakitoka kanisani, Bathsheba alibandika karatasi mlangoni: MKUTANO WA CHAMA.

Tulivaa vitenge sare kama chama chochote. Tony, fundi wa cherehani, ambaye mpenzi wake alikuwa mwanamume wa kutoka Sori, alijishonea tai ya kitenge hicho hicho akajiita katibu. Mgeni akichungulia, Bathsheba alisimama na kupaza sauti: "Tuombe!" Chupa zikashuka chini ya meza, vichwa vikainama.

Hivyo ndivyo nilivyompata Valary. Alikuja kutengeneza spika, na Bathsheba hakuwa amemtarajia siku hiyo. Basi tukaombewa. Bathsheba alimwombea chifu, akaomba mvua, akawaombea wagonjwa wa kaunti nzima. Valary alingoja kwa adabu, bisibisi mkononi.

"Amina," akasema mwishoni. Kisha akainama, akatazama chini ya meza. "Na hizo bia ni za ushirika mtakatifu?"

Nilicheka kwa sauti mpaka watu wakageuka. Hawakuwa wamewahi kunisikia.

Halafu mtu mmoja akamrekodi Tony akicheza na mpenzi wake, video ikaingia kwenye makundi ya simu, na mwenye nyumba hakuuliza swali. Alileta kufuli. Bathsheba sasa yuko Awendo, anawauzia chipsi madereva wa malori ya miwa. Tony hashiki simu. Valary alipata kazi ya kupiga muziki katika baa moja ya ufuoni huko Homa Bay.

Nikabaki na Jumapili.

Sijui kama mnaijua Jumapili ya mtu asiye na pa kwenda. Unaosha kikombe. Unakikausha. Unakaa. Unakunywa chai tena ili upate kikombe cha kuosha. Nje, mtaa wetu mzima wa Oruba unapika kuku na watoto wanaitana kula. Siku moja nilivaa kitenge cha chama, nikakaa nacho kitandani. Nilikivua kabla ya magharibi kwa sababu nilijionea aibu, ingawa hapakuwa na mtu wa kuniona.

Ndipo nikaenda Homa Bay.

Nilimkuta Valary nyuma ya mashine yake ya muziki, wateja wa mchana wakila samaki.

"Wacha kunitazama hivyo," alisema. "Niko sawa."

"Umekonda."

"Nimekonda kwa kubeba spika, si kwa mawazo."

"Na mawazo?"

"Hayo yananenepa, bana."

Tuliketi pembeni. Baa ilikuwa nzuri, kubwa kuliko ya Bathsheba mara nyingi. Mbele yetu mwanamume alikuwa anamlisha mkewe samaki kwa mkono, na hakuna aliyewatazama.

"Nikiweka ule wimbo wetu wa Jumapili," Valary alisema, "wanainuka mume na mke, wanacheza. Mimi nasimama nyuma ya mashine kama mpishi wa harusi aliyefunga."

"Hakuna wengine kama sisi hapa?"

"Wako. Nawajua kwa macho. Kuna mmoja huja na mumewe, anaagiza soda, anatazama sakafu. Ananijua, namjua. Sasa tukutane wapi? Chooni?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Ndugu zangu wameniambia nisikanyage bomani tena," akasema. "Ile video ilifika kwao. Mimi sikuwemo, lakini kitenge changu kilikuwemo, kimetundikwa kwenye kiti."

"Pole, Val."

"Unajua kwetu msichana ambaye hajaolewa akifa anazikwa wapi? Nje ya ua, kama mpita njia. Mimi kuishi popote naweza, nishaishi popote. Lakini hilo la kuzikwa nje linaniuma. Hata sijui kwa nini, na maiti haoni."

Nilishika kidole chake kimoja chini ya meza. Kimoja tu, ili mtu akiona adhani ni bahati mbaya.

Simu ikalia. Alikuwa Mama, kutoka nyumbani, ng'ambo ya Kehancha.

"Nyangi, mahindi yamekauka na mikono yangu ni miwili. Njoo. Na usije peke yako kama kawaida yako. Leta mtu wa kucheka humu ndani."

"Nina rafiki, Mama."

"Mwanamke?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Mwanamume angekula tu."

Valary alikuwa na likizo yake. Tukaenda.

Mama yangu ni mjane. Alizaa mara moja, akanizaa mimi. Kwetu Kuria nyumba isiyo na mtoto wa kiume ni nyumba inayongojewa ifungwe, na aliyekuwa anaingojea ya Mama ni baba mdogo, Makori, mdogo wa marehemu baba. Kila asubuhi alipita mpakani polepole, mikono nyuma, akilitazama shamba letu kama mtu anayetazama koti analotaka kulinunua.

Nilidhani Mama atamwona Valary mwenye kelele. Badala yake wakaelewana kama watu waliopoteana. Valary alipukuchua mahindi huku akiigiza wateja walevi wa Homa Bay. Alifungua redio ya Mama iliyokaa kimya tangu mwaka jana, akaipuliza vumbi, akaisokota waya, ikasema. Mama akacheka hadi akafuta macho kwa ncha ya leso. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tulipomzika baba.

Siku ya kuondoka, Mama aliniita ghalani.

"Huyu msichana ana mume?"

"Hana."

"Kuna mtu anamfuatafuata?"

Nilikohoa. "Hakuna, Mama."

"Basi nataka kumwoa."

Msomaji ambaye si wa kwetu asishtuke. Hii ni mila ya zamani, na bado ipo. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa msichana, akamtolea mahari, akamweka nyumbani kama mke wa mwana ambaye hakuzaliwa. Humwita mokamona, mke wa mwana. Watoto atakaowazaa ni wa nyumba hiyo, na shamba ni lao. Hakuna kitanda kati ya wanawake hao wawili. Si mambo yetu ya Jumapili. Ni mambo ya ardhi na jina.

Lakini mimi, pale ghalani, nilisikia jambo moja tu: Valary atakaa kwetu.

"Ni Mjaluo, Mama," nilisema, ili nisionekane nina haraka.

"Mjaluo hajui kusonga ugali?"

"Wazee watasema hajapitia mambo yetu ya tohara."

"Mambo hayo chifu ameshayakataza. Na mimi sikuyapenda hata siku yalipokuwa yangu."

"Na mwanamume wa... wa watoto?"

"Atamchagua mwenyewe, wakati wake. Mimi si polisi."

Nilimkuta Valary jikoni, anapuliza moto. Nilifunga mlango.

"Val, Mama anataka kukuoa."

"Nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza kwa mdomo wazi, masizi puani. Kisha akakaa chini kwenye majivu, akacheka, na mimi nikacheka, tukazibana midomo kwa mikono.

"Kwa hiyo mume wangu ni nani?"

"Kaka yangu."

"Huna kaka."

"Ndiye huyo."

"Anapiga?"

"Hajawahi."

"Anakunywa?"

"Hata chai."

"Basi nimempenda." Akafuta machozi. "Na wewe nitakuwa nani wako?"

"Wifi yangu."

"Wifi na wifi wanaweza kulala chumba kimoja?"

"Val, mawifi wote hulala chumba kimoja. Hakuna anayeuliza."

Moshi ulikuwa mwingi, lakini si huo uliomfanya ageuze uso.

"Na kaburi?" aliuliza taratibu. "Mke wa nyumba hii anazikwa wapi?"

"Ndani. Pale kwenye migomba, karibu na baba."

"Ndani," akarudia.

Tukaanza kupanga kama wachumba wowote. Ningebaki na kazi yangu Migori, nikirudi kila mwisho wa wiki. Jumapili tungemwita Bathsheba kutoka Awendo. Tungemtafuta Tony hadi ashike simu. Wangekuja na vitenge vyao, na Makori akichungulia, Mama mwenyewe angesimama kuomba, tena maombi ya kweli.

"Tutabandika karatasi mlangoni?" Valary aliuliza.

"Hatutahitaji karatasi. Watakuwa wageni wa mokamona."

"Ndugu zangu watapokea mahari yangu mikono miwili, utaona. Wataniita dada tena." Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Mimi nataka mtoto, Nyangi. Niliwahi kukuambia?"

Hakuwa ameniambia. Nikasema tutaona.

"Na Mama yako ana ng'ombe wa kunitolea?"

"Mama atajua," nilisema.

Nilikuwa na furaha, na furaha haikuwa kitu nilichokizoea. Sikuuliza.

Hatukuondoka. Valary aliomba siku nyingine kazini, na kesho yake mchana wazee wakaja: Makori, na mzee Maroa, mkubwa wa ukoo wetu, mtu mpole anayesikia kwa sikio moja. Mama alimfunga Valary leso yake nzuri, akamketisha karibu naye. Chai ikamiminwa.

Mazungumzo yalikuwa ya Kikuria. Valary hajui Kikuria, anajua kusalimia tu. Aliketi akitabasamu, akimtazama kila anayesema, kama mtu anayetazama sinema kwenye dirisha la jirani.

Makori alianza. "Shemeji, unaleta mgeni kurithi shamba la ndugu yangu?"

"Naleta mke wa nyumba hii. Kama ungekuwa na hamu ya warithi, ungeninunulia hata kilo ya chumvi tangu nifiwe."

"Mimi nina watoto wangu wa kulisha."

"Ndiyo maana unaliangalia shamba langu kila asubuhi."

Mzee Maroa alicheka kwenye kikombe. Kisha akakiweka chini, akauliza swali la wazee.

"Mke haji mikono mitupu. Ng'ombe wa kumleta huyu watatoka wapi? Nimepita zizini kwako, nimeona mbuzi."

"Watatoka kwa Nyangi," Mama alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilidhani anamaanisha mshahara wangu, nikaanza kufikiria ni vipi ningeomba mkopo.

"Watu wa Nyamongo wa Isebania wamekuwa wakija kumposa," Mama aliendelea. "Yule aliyefiwa na mkewe. Nimekuwa nikiwaambia wangoje. Sasa sitawaambia wangoje tena. Ng'ombe wa Nyangi watakaoingia ndio watakaokwenda kwa ndugu za Valary."

Ndugu msomaji, hili nililijua tangu utotoni. Kila msichana wa kwetu analijua. Ng'ombe wa binti ndio wanaomwoa mke wa kaka yake. Binti anatoka, ng'ombe wanaingia, na mke anakuja nyuma ya ng'ombe. Wenzangu waliolewa hivyo, na kaka zao wakaoa wiki zilizofuata. Mimi sikuwahi kujiweka katika jambo hilo kwa sababu sikuwa na kaka.

Jana jikoni nilikuwa nimejipatia kaka, nikamcheka kwamba hanywi hata chai. Leo alikuwa ameketi nasi, na alikuwa anataka ng'ombe.

"Mama," nilisema.

Mama hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika.

"Umewakataa wote waliokuja, Nyangi, na mimi sikukulazimisha. Watu walisema mengi, nikaziba masikio. Leo sikuombi uolewe kwa ajili ya mume. Nakuomba kwa ajili ya nyumba." Akamgusa Valary begani, na Valary akatabasamu. "Na huyu unampenda. Nimeona. Basi mwingize. Utakuwa ukija kumwona."

Utakuwa ukija kumwona. Alilisema kwa upole, kama mtu anayekukabidhi zawadi aliyoificha muda mrefu kabatini. Sikujua ameona nini hasa kati yetu. Hadi leo sijui.

"Usimbembeleze," Makori alidakia. "Mila iko wazi. Binti ajibu kwa mdomo wake, mbele yetu. Akikataa, mgeni arudi kwao, na habari ya shamba tuimalize leo hii."

"Ni kweli," mzee Maroa alisema. "Nyangi, mwanangu, simama utujibu. Unakubali?"

Nilitazama mikono ya Mama. Ilikuwa imepasuka kwa mahindi. Nikikataa, Makori angelala usingizi mzuri, Mama angezeeka akingoja mlango ufungwe, na Valary angerudi nyuma ya mashine yake, na siku moja nje ya ua wa ndugu zake. Nikikubali, vyote nilivyomtakia Valary jikoni angevipata: nyumba, jina, mtoto, mahali pake kwenye migomba. Mimi ningekuwa Isebania napika chai ya Nyamongo.

Valary aliinama kwangu. "Wamesema nini?"

Nikamwongezea chai kikombeni.

Mzee Maroa alimwonea huruma. Alimgeukia, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Binti, usiogope. Tunamwuliza huyu kama anakubali wewe uingie katika nyumba hii."

Hakusema uongo. Ila hakusema kwamba yeye akiingia, mimi natoka.

Uso wa Valary ukafunguka wote.

"Na mmemwuliza huyu?" alisema, na wazee wakageuka kumsikiliza, tayari wakitabasamu. "Mzee wangu, huyu mkimwachia atanyamaza hadi Krismasi! Mimi ilibidi nimtongoze kwa... nimzoee kwa miezi, ndiyo akanisalimia."

Mzee Maroa akacheka, hakulisikia vizuri. Makori alilisikia. Aliweka kikombe chini, akanitazama mimi, kisha Valary, kisha mimi tena, kama anavyolitazama shamba.

"Nyangi, aki simama," Valary alisema, akinisukuma kiunoni kwa kiganja. "Sema ndiyo tu. Unaniaibisha mbele ya wakwe zangu."

Nikasimama. Mama aliinamisha kichwa. Makori alisogeza kiti chake mbele kidogo, ili asipitwe na neno.

Na Valary, ambaye peke yake pale ndani hakujua nilichoulizwa, alikuwa ameshaanza kunipigia makofi.